Heshima ya Uwanja wa Zamani wa Mbeya
Uwanja wa ndege wa zamani wa Mbeya, uliokuwa mjini penyewe kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, unastahili heshima kubwa, kwani mwaka 1932, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipofikisha safari zake Cape Town, mji huo mdogo, jirani wa machimbo ya dhahabu ya Lupa, ulifanywa kituo, yaani mahali pa kutua, baina ya Dodoma na Mpika. Kwa kuwa hewa nyepesi ya nyanda za juu hupunguza nguvu ya mbawa, ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa, na marubani waliotumia njia ile fupi ya kurukia, iliyozungukwa na milima, walionyesha umahiri wa kusifiwa. Desemba 2012 kazi ya uwanja huo ilihamia uwanja wa ndege wa Songwe, magharibi mwa Mbeya.