Macho Mekundu, Ngozi Nyeupe: Mwili kama Ishara katika Nchi ya Dhahabu

Ushairi wa Kiswahili umezoea kuusoma mwili. Mpendwa hufananishwa na dhahabu, meno na lulu. Jicho hubeba mapenzi na hubeba shari pia, hata lugha yenyewe ikaiita husuda kijicho. Desturi hiyo haina ubaya maadamu msikilizaji anajua kuwa sitiari ni sitiari. Huko Shinyanga na Geita sitiari ilivuka mpaka wake. Jicho jekundu la bibi kizee lilifanywa ushahidi wa uchawi, na mwili wa mtu mwenye ualbino ukadhaniwa kuwa njia ya kuifikia dhahabu. Watunzi wengi wamelia na kukemea. Wachache wamejiuliza kama tungo zao zinatumia jicho lile lile.

Yafaa kuanza na moshi. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo yakaimaliza mingine, hata ilipofika 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kuirudisha miti. Kuni zilipoadimika, wanawake walipikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka arubaini huzeeka na macho mekundu. Jamii iliyoyatazama macho hayo haikuliona jiko, iliona mchawi. Takwimu za serikali za 1970 hadi 1984 zilitaja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Kinachoitwa ushirikina kina historia yake, na historia hiyo inapita katika amri za kufyeka misitu.

Dhahabu nayo ina hofu yake. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa hushuka katika duara asilojua kama litampa kitu au litamfukia. Hukopa chakula na hukopa vifaa, na jirani aliyechimba hatua chache pembeni huweza kutajirika usiku mmoja huku yeye akitoka na kifusi. Akili haivumilii kwa urahisi kwamba tofauti hiyo ni bahati tu. Hutafuta sababu, na mganga huiuza sababu. Deborah Fahy Bryceson na wenzake, katika makala yao ya 2010 kuhusu uchawi wa wachimbaji, walionyesha jinsi imani kuhusu viungo vya watu wenye ualbino ilivyostawi katika soko hili la wasiwasi, baina ya mchimbaji anayetafuta kinga na mganga anayetafuta mteja. Si mila kongwe iliyorithiwa kama ilivyo. Na (jambo lisilotajwa sana) zebaki inayochomwa ili kuiacha dhahabu peke yake hutoa mvuke unaoudhuru mfumo wa fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupaa, hasira huja upesi.

Msomaji wa Unguja au Pemba asiyasome haya kama habari za bara tu. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotanda visiwani, watu walilala nje kwa makundi wakilindana, na mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Naye alikuwa mwili uliosomwa vibaya.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalipotangazwa sana kuanzia 2007, na hata Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilipowahukumu kifo watu watatu mnamo Septemba 2009 kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, kalamu za washairi hazikukaa kimya. Nia yao ilikuwa njema. Kasoro iko katika taswira. Mtunzi anayetaka kumtetea mtu mwenye ualbino mara nyingi humwita malaika, au nuru, au lulu. Kwa kufanya hivyo humwondolea ubinadamu kwa mlango wa sifa, kama muuaji alivyomwondolea kwa mlango wa tamaa. Anayemwona mwenzake kuwa kito, hata kwa mapenzi, tayari amekubali kuwa ngozi ile ina maana zaidi ya kuwa ngozi. Kuliacha neno zeruzeru na kusema mtu mwenye ualbino ni hatua, kwa kuwa neno mtu limetangulia. Lakini jina jipya haliwezi kuuokoa ubeti ambao picha yake ni ile ile ya kale.

Kasoro ya pili ni kwamba tungo za kukemea humweka muuaji mbali kabisa, mnyama asiye na nafsi. Hofu yake haichunguzwi. Ni ajabu, kwani ushairi wa pwani unao mfano bora wa kuihoji nafsi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, kisha akauelekea moyo wake mwenyewe na kuusaili. Hakumtafuta mtu wa kumbebesha maangamizi yale. Huo ndio uchamungu unaouponya moyo, na ni kinyume cha ramli, ambayo kazi yake ni kukihamisha kitisho kutoka kifuani mwa mteja hadi kwenye mwili wa jirani.

Riwaya imethubutu zaidi. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, haizungumzii machimbo. Mazingira yake ni Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi. Ila hakuna kitabu cha Kiswahili kinachofaa zaidi kusomwa pamoja na habari hizi. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na msomaji anafungiwa ndani ya kichwa kinachozidi kuelemewa hadi kujiua. Mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa ni mwili ambao kila mtu angependa kuupa maana. Riwaya inamwacha msomaji akae na taabu ya kuutazama. Waliomlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa walidai dawa kutoka kwa mtu aliyekuwa akipima homa. Upungufu wa kitabu uko kwingine: wanawake humo hutazamwa zaidi kuliko wanavyotazama, na nafsi inayochimbwa kwa kina ni ya mwanamume msomi.

Kuhusu ualbino wenyewe, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wamekisoma ni Takadini cha Ben Hanson, hadithi ya mama anayekimbia na mwanawe ili asiuawe. Ni kitabu chenye huruma, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza na mandhari yake ni Zimbabwe. Mwanafunzi wa Geita anafundishwa kumhurumia jirani yake kupitia kijiji cha mbali na lugha ya darasani.

Kinachokosekana si kilio kingine. Utenzi ungeweza kuanzia mafigani, kwa bibi anayekohoa na kufikicha macho akisubiri uji uchemke, na moshi ukabaki kuwa moshi mpaka ubeti wa mwisho. Shairi jingine lingeweza kumfuata mtoto mwenye ualbino ambaye, baada ya vitisho vya miaka ile, alipelekwa kulelewa Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na wazazi wake, kwa usalama wake. Haoni vizuri ubaoni, basi huomba dawati la mbele. Huvaa kofia pana na mikono mirefu hata wakati wa joto, na hupakwa mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wengi kuliko panga. Siku nyingine humkasirikia mwenzake kwa kumchukulia penseli.