Vidole Vinavyotafuta Kidole

Mchumaji hodari wa chai katika mashamba ya Kericho hatazami kila jani analolichuma, kwa kuwa vidole vyake vimekwisha kujua, kwa mazoea ya miaka mingi, tofauti iliyopo baina ya chipukizi laini na majani yake mawili, na lile jani la chini lililokomaa na kukakamaa. Mimi niliyekulia pembezoni mwa mashamba hayo sikupata kuona vidole vingine vyenye elimu ya namna ile mpaka usiku mmoja nilipomsindikiza mpwa wangu, mtoto wa miaka 11, katika chumba chenye giza cha hospitali moja ya upande wa Bomet, nikamwona mama mmoja mtu mzima akimpima tumbo kwa altrasaundi.

Maumivu yalimwanza mtoto alfajiri kando ya kitovu, nasi nyumbani tukayadhania minyoo. Hata adhuhuri yalipohamia chini upande wa kulia, naye akakataa chakula, akaikataa hata mursik, maziwa yetu ya mgando, ambayo hakupata kuikataa tangu aijue, ndipo nyanya yake aliposema kwamba maradhi haya si ya kungojea kesho. Tukashuka katika mvua, kwa njia ya udongo mwekundu iliyokuwa telezi kama sabuni.

Yule mama hakuanza na mashine. Aliinama akamwambia, “Kijana wangu, nionyeshe kwa kidole kimoja tu, mahali panapouma kuliko pote.” Mtoto akaweka kidole, na hapo hapo, si kwingine, ndipo alipomimina jeli na kukitua kile kifaa cha mkononi. Lugha yetu, ambayo aghalabu huona mbali kuliko wasemaji wake, imekiita kiungo alichokuwa akikitafuta kidole tumbo. Basi nilikuwa nikitazama kidole kinachoonyesha na vidole vinavyotafuta, vyote vikielekea kwenye kidole cha tatu kilichojificha gizani.

Wengi wetu hudhani kwamba mashine ndiyo ionayo. Ni kweli kwamba kifaa kile hupeleka ndani ya mwili mawimbi ya sauti yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000, na kwamba mwangwi unaorudi kutoka katika nyama, damu na mifupa hugeuzwa kuwa picha. Lakini sauti hiyo ina adui, naye ni hewa, na matumbo yamejaa hewa. Hapo ndipo ustadi huanza. Mama yule alibonyeza polepole, kidogo kidogo, akingoja mtoto ashushe pumzi kabla ya kuongeza uzito wa mkono, hata hewa ikasogea kando na matumbo mazima yakalala chini ya kifaa kama majani yaliyonyeshewa. Akapita juu ya msuli mnene ushukao kutoka kiunoni kuelekea pajani, akaiona mishipa mikubwa ya damu ikidunda kando yake, naye akijua kuwa akitakacho hukaa mara nyingi katika ujirani huo. Kisha akatulia. Katika skrini palikuwa na kijiutumbo kilichozibwa upande mmoja, kisichojongea kama matumbo mengine yajongeavyo, ambacho kila alipokibonyeza hakikubali kubonyea. Akakipima: milimita 9, ilhali kilicho kizima aghalabu hakizidi 6, na ndani yake mlikuwa na kijiwe kilichotupa kivuli nyuma yake.

Njia hii ya kubonyeza kwa daraja ina mwenyewe, naye ni tabibu wa Uholanzi, Julien Puylaert, aliyeitangaza mwaka 1986, miaka 100 kamili baada ya Reginald Fitz wa Boston kuyaeleza maradhi haya ya kidole tumbo na kuyapa jina la kitabibu. Katikati ya hao alipita Ian Donald wa Glasgow, ambaye mwaka 1958 alichapisha picha za ndani ya tumbo zilizopatikana kwa mwangwi. Lakini Edward VII wa Uingereza, aliyepasuliwa Juni 1902 siku 2 tu kabla ya siku iliyowekwa ya kutawazwa kwake, hakuwa na chombo cha kumwonea, pamoja na ufalme wake wote, isipokuwa mikono ya matabibu wake. Kwetu Afrika ya Mashariki, Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi, alishikilia kuwa maradhi haya ni haba kwa watu wanaokula vyakula vyenye makapi mengi. Sitaingia katika hoja ile. Mtoto aliyelala mbele yangu hakuwa haba.

Ninalolitukuza zaidi katika kazi hii ni adabu yake kuhusu shaka. Kidole tumbo huweza kujificha nyuma ya utumbo mpana, au hewa na mafuta ya mwili yakakifunika, na hapo mtaalamu mwaminifu huandika kwamba hakukiona, wala haandiki kwamba mgonjwa ni mzima, kwa maana anajua daktari mpasuaji ataitegemea kauli ile kama shahidi. Kwa wasichana na wanawake hadhari huzidi, maana kifuko cha mayai kilichojisokota, au mimba iliyotungwa nje ya mji wa uzazi, huweza kulia kwa sauti ile ile mahali pale pale. Na homa ya matumbo nayo hujifananisha. Kumpasua mtu bure ni dhuluma, na kumchelewesha hata kidole kikapasuka na usaha kutapakaa ni dhuluma kubwa zaidi. Mkono ule hutembea baina ya dhuluma hizi mbili.

Alipomaliza aliandika maneno machache, akampa muuguzi ayapeleke kwa daktari, kisha akamgeuzia mtoto skrini. “Ni hiki hapa,” akamwambia, “ndicho kinachokusumbua.” Mtoto akanyoosha kidole kile kile, akaugusa mduara mweusi uliozungukwa na weupe, akauliza kama kitaota tena kikishatolewa. “Hakioti, mwanangu.” Akampangusa jeli tumboni kwa kitambaa, akakisafisha kifaa chake, akamwita mama mjamzito aliyekuwa akingoja kwenye benchi tangu jioni.