Gauni la Albert na Sheria ya Utani

Utani una sheria yake, ijapokuwa haikuandikwa popote. Mtani aruhusiwa kumcheka mwenziwe mbele ya watu, kumwita mtumwa wake, hata kuzuia maiti isizikwe mpaka apewe chochote. Lakini huyo huyo ndiye anayetazamiwa kusaidia mazishini na kuwaliwaza wafiwa. Anayecheka bila ya kubeba wajibu huo hafanyi utani, afanya stihizai. Kwa mizani hii yafaa kupima aina moja ya vichekesho vya sinema vilivyopata watazamaji wengi duniani: vile vya nyumba ya wanaume wawili wapendanao, wanaolazimika kujificha siku wakwe wanapobisha hodi.

Chimbuko mashuhuri la aina hii ni La Cage aux Folles, tamthilia ya Jean Poiret iliyochezwa Paris mwaka 1973 na kufanywa filamu na Édouard Molinaro mwaka 1978. Mike Nichols aliihamishia Miami mwaka 1996 kwa jina la The Birdcage. Armand (Robin Williams) ana klabu ya usiku. Albert (Nathan Lane) ndiye nyota wake, acheza kwa mavazi ya kike. Pamoja wamemlea Val, mwana wa Armand. Sasa Val ataka kumwoa binti wa seneta anayehubiri maadili, na aomba Albert aondolewe machoni pa wageni.

La kuulizwa ni kicheko kinamwangukia nani. Armand amfundisha Albert kupaka mkate kiume, na mkate wavunjika. Amfundisha kutembea kama John Wayne. Mtazamaji acheka, kisha atambua kwamba uanaume wenyewe ni somo linalofundishwa. Mwishoni Val amvua Albert nywele za bandia na kumtambulisha kuwa ndiye mama yake. Naye seneta, aliyezingirwa na waandishi wa habari, hana njia ya kutoka ila avae gauni. Aliyekuja kuhukumu aokolewa na vazi alilolihukumu. Hapo mtani ametimiza wajibu wake: amecheka, na amehifadhi heshima ya mchekwa.

Je, kicheko hicho chaweza kuvuka hadi Kiswahili? Tangu miaka ya 1990 vibanda vya video nchini Tanzania vimekuwa na wasimulizi wanaozieleza filamu za kigeni papo hapo, mashuhuri miongoni mwao akiwa Lufufu wa Dar es Salaam. Lau msimulizi wa mtaa kama Majengo, mjini Dodoma, angekabidhiwa The Birdcage, lugha ingemsaidia na kumtatiza kwa pamoja. Kiingereza na Kifaransa huchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume. Kiswahili husema "yeye amekuja" na kunyamaza. Siri ambayo Armand ailinda kwa kila sentensi, Kiswahili chaihifadhi bure. Mzigo wote waliangukia neno moja: mama. Nalo si neno gumu kama lidhaniwavyo, kwani zipo lugha za Kibantu zimwitazo mjomba kwa maana ya mama wa kiume.

Wala vazi lililogeuzwa si geni kwa Ugogo. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika maandishi yake ya 1968, alieleza jinsi wanawake wa Kigogo, balaa lilipoingia, walivyovaa nguo za kiume, wakachunga ng'ombe, kisha wakaicheza balaa hiyo mpaka mpakani upande wa magharibi na kuitupa. Ada hiyo haikuhusu mapenzi ya jinsia moja. Yaonyesha tu kwamba vazi hilo lilikuwa na kazi ya kufanya kwa ajili ya jamii nzima.

Runinga nayo imewazoesha watazamaji. Joti wa Orijino Komedi alipovaa gauni, nchi ilicheka kwa raha, kwa kuwa nyuma ya gauni iliona bibi au jirani mwenye ukoo. Lakini mwanamume wa madaha ya kike katika vichekesho vya Bongo mara nyingi hupitishwa kwenye kamera mara moja, achekwe, atoweke. Hana mama, hana mtoto, hana meza ya chakula.

Upungufu huo haukuikosa The Birdcage. Mtumishi Agador, mhamiaji kutoka Guatemala, aanguka kila avaapo viatu, na filamu yamtumia zaidi kwa kuchekesha. Katika filamu ya Kifaransa mtumishi huyo ni Jacob, mtu mweusi, aliyechezwa na Benny Luke. Msomaji wa pwani, aijuaye historia ya utwana, hana budi kuuliza kwa nini huruma ya filamu imeishia sebuleni, isifike jikoni.

Swali hili si la sanaa peke yake. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu chatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa tendo liitwalo kinyume cha maumbile. Penye adhabu nzito kama hiyo, kicheko kisicho na ukoo huwa shahidi wa mashtaka. Ubora wa Nichols ni kwamba alimpa mchekwa nyumba na mwana wa kumwita mama. Mtazamaji aliyecheka kwa muda wa saa mbili hutoka akijua kwamba, Armand akifa, ni haki Albert ashike jeneza mbele ya wote.