Mubirizi, sukari na jina la mababu

Hapa Lwiro nani hajui mubirizi? Majani yake ni machungu kabisa, na wazee wetu waliyanywa kwa minyoo, tumbo na homa. Hata sokwe wa Mahale, kule Tanzania, wanatafuna shina lake wakiumwa. Hayo hatuyapingi.

Lakini sasa tunasikia sokoni kwamba mababu walitibu nao sukari na kolesteroli. Kolesteroli ipi? Babu hakuwa na jina hilo, wala mtu haisikii mwilini. Inaonekana kwa kupima damu tu. Mti ni wa mapokeo, dai ni jipya.

Kwamba mubirizi umeshusha sukari ya panya katika laboratwari, ni kweli. Tena metformini, kidonge cha hospitali, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Ila kidonge kina kipimo. Bidoni ya muuzaji je? "Kizibo kimoja asubuhi, kimoja jioni," basi! Kizibo cha chupa gani? Majani mabichi ao makavu? Na anayekunywa vyote viwili, sukari yaweza kushuka mno, akazimia.

Kibaya zaidi ni kumwambia mgonjwa: "Acha sindano, majani inatosha." Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi tena insulini, maneno hayo yanamuua kwa siku chache tu.

Kituo cha utafiti tunacho hapa hapa, mrithi wa IRSAC iliyoundwa 1947. Wauzaji wapeleke bidoni zao huko kwanza.