Mtungi wa Udongo Mbele ya Klorini

Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza, magharibi mwa Kenya, zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu. Kati yao 547 walikufa. Ni karibu watu wanne katika kila mia, kwa ugonjwa ambao mgonjwa akiwahi kurudishiwa maji na chumvi mwilini hupona. Maabara zilithibitisha kwamba bakteria waliohusika ni Vibrio cholerae O1 wa aina ya El Tor. Waliougua walipolinganishwa na wenzao wazima, mambo matatu yalijitokeza: kunywa maji ya Ziwa Victoria, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kuhudhuria karamu za matanga. Maeneo yanayopakana na ziwa yaliumia kuliko yale ya mbali.

Ziwa lilistahili lawama hiyo. Lakini kati ya ziwa na koo la mtoto kipo chombo ambacho uchunguzi mwingi hukiruka, nacho ndicho kiini cha uchambuzi huu: mtungi wa udongo, ule ambao Waluo wanauita dapi. Kuanzia Muhuru Bay na Karungu upande wa Migori hadi Sindo, Mbita na Kendu Bay upande wa Homa Bay, maji ya kunywa hushinda mtungini, na mdomo wa mtungi wa jadi ni mpana wa kutosha kupitisha kikombe pamoja na mkono ulioshika kikombe. Maji yaliyotekwa yakiwa na uchafu kiasi yalizidi kuchafuka yakiwa nyumbani. Hata ya mvua, yanayoshuka yakiwa safi, hayakuwa na kinga mbele ya vidole.

Shirika la CARE Kenya, kwa ushirikiano na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, lilipoanza kazi ya maji salama Homa Bay na wilaya jirani, halikuanzia sifuri. Baada ya kipindupindu kuingia Peru Januari 1991 na kutapakaa Amerika ya Kusini, wataalamu walikuwa wamebuni mpango wenye nguzo tatu: mmumunyo wa klorini wa bei nafuu, chombo chenye mdomo mwembamba na mfereji, na elimu ya usafi. Bolivia walitumia chombo cha plastiki cha lita 20 na kuhara kwa watoto kukapungua. Ingekuwa rahisi kuagiza vyombo vile vile na kuvigawa Nyanza. CARE na CDC wakaamua kuupima mtungi wa udongo sambamba na plastiki, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofuata.

Watu wanaupenda mtungi kwa sababu ya ubaridi wa maji yake, na ubaridi huo una fizikia yake. Udongo uliochomwa kwenye moto wa wazi, kwa kuni na nyasi, mara nyingi hufikia nyuzi kati ya 600 na 900. Joto hilo linatosha kuufukuza ule unyevu uliofungwa ndani ya madini ya mfinyanzi, hata mtungi usiweze kurudi kuwa tope. Halitoshi kuyayeyusha madini yenyewe yazibe nafasi zilizobaki. Kwa hiyo ukuta wa mtungi una vitundu vingi mno vidogo. Maji hupenya taratibu hadi nje, yanavukizwa, na kila gramu inayoondoka huchukua joto. Mililita 200 zikivukizwa kutoka kwenye lita 20, joto linaloondoka linatosha kushusha maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6, kama joto la nje lisingeendelea kuingia. Ndoo ya plastiki haiwezi hilo. Mama wa Nyatike, kule Migori, anayekataa maji vuguvugu ya plastiki saa nane mchana ana hoja, na mtafiti anayemwona mkaidi hajaelewa anachokipima.

Tatizo ni kwamba vitundu vile vile vinavyopoza maji ndivyo vinavyomtia mkemia wasiwasi. Ili kuuona wasiwasi huo inabidi tufuate klorini inavyofanya kazi.

Mmumunyo unaouzwa kwenye chupa ni wa sodiamu haipokloraiti. Ukiingia majini, sehemu yake hugeuka asidi ya haipoklorasi, molekuli ndogo isiyo na chaji ya umeme. Kwa kuwa haina chaji, hupenya utando wa bakteria kwa wepesi, na ikishaingia huziunguza protini, hasa zile zenye salfa, hadi kiumbe kishindwe kupumua na kujitengeneza upya. Sehemu nyingine hubaki kuwa ioni yenye chaji hasi, ambayo uwezo wake wa kuua ni mdogo mno kuliko wa asidi hiyo. Mgawanyo wa pande hizo mbili unategemea pH. Maji yakiwa na pH 7, karibu robo tatu ya klorini iko katika sura ile kali. Yakifika pH 8, kali inabaki karibu robo moja tu. Hili lina uzito katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, kwa sababu mwani wa kijani ukistawi juani hunyonya kabonidayoksaidi na kuipandisha pH ya maji. Kipimo kilichotosha kwa maji ya kisima kinaweza kupwaya kwa maji ya ziwa yaliyotekwa mchana.

Jambo la pili ni kwamba klorini haichagui adui. Kabla ya kumfikia Vibrio hukutana na majani yaliyooza, amonia na chuma, na kila kimoja huchukua fungu lake. Linalobaki baada ya hao wote kushiba ndilo linalolinda maji, nasi tunaliita klorini ya salio. Mwongozo unaotumika sana katika kazi za aina hii unataka salio lisizidi miligramu 2 kwa lita saa moja baada ya kutia dawa, ili ladha isiwafukuze wanywaji, na lisipungue miligramu 0.2 baada ya saa 24. Kwa mfano, mililita 3 za mmumunyo wa asilimia 1.25 katika lita 20 hutoa karibu miligramu 1.9 kwa lita. Maji ya tope huwekewa mara mbili ya hapo. Hakuna ubashiri hapa. Maji ya sehemu husika hutiwa katika vyombo kadhaa, kila kimoja kipimo chake, kisha salio hupimwa saa baada ya saa kwa kemikali inayogeuka waridi: waridi likikolea, klorini ipo, likififia, imeliwa.

Sasa rudi kwenye mtungi. Ukuta wa udongo una chuma, una masalia ya mkaa kutoka kwenye nyasi za kuchomea, na eneo la ndani la vitundu vyake ni kubwa kuliko macho yanavyodhani. Mashaka yalikuwa mawili: kwamba udongo ungeila klorini kabla haijamaliza kazi, na kwamba bakteria wangejificha ndani ya vitundu chini ya utando wao wenyewe, mahali ambapo dawa haifiki. Kwenye karatasi hoja zote mbili zilikuwa nzito. Mtu mwenye haraka angeuhukumu mtungi hapo hapo.

Mtafiti Ogutu na wenzake, akiwemo Robert Quick wa CDC, waliuweka mtungi kwenye mizani. Ripoti yao fupi ilitoka katika jarida la American Journal of Public Health, Oktoba 2001. Walilinganisha vyombo vya aina tatu: cha plastiki, mtungi wa jadi wenye mdomo mpana, na mtungi uliorekebishwa, yaani wenye mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji. Vipimo vilikuwa viwili, salio la klorini na idadi ya Escherichia coli.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wapime E. coli wakati adui ni Vibrio. Vibrio hutokea kwa msimu na huwa wachache majini. Kuwapata kunahitaji sampuli kukuzwa kwanza katika maji ya peptoni yenye alkali, kisha kupandwa kwenye agari maalumu ambako hujitokeza kama vidonge vya manjano, kisha kuthibitishwa kwa seramu. Ukikosa kuwaona leo, hujui kama hawapo au kama hukubahatika. E. coli hutoka matumboni mwa watu na wanyama kila siku. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45, chujio hulazwa kwenye chakula cha bakteria, huatamizwa usiku kucha kwa joto la nyuzi 44 hivi, na asubuhi vidonge huhesabiwa kimoja kimoja. Wapo? Basi kinyesi kimefika majini, na njia aliyopita E. coli Vibrio anaweza kuipita pia. Isitoshe, wote wawili huuawa na klorini kwa urahisi, kwa hiyo anguko la mmoja linatuambia habari za mwenzake.

Matokeo: klorini ilipotumika ipasavyo, E. coli walipungua sana katika plastiki na katika mtungi uliorekebishwa vilevile. Hofu ya vitundu haikuwa ya uongo, kwa sababu udongo kweli hula klorini zaidi ya plastiki, lakini ulaji huo haukutosha kuharibu kazi. Mtungi hujazwa maji mapya na dawa mpya kila siku au kila baada ya siku mbili, na huo ndio muda ambao salio linahitaji kudumu. Ingelikuwa maji yanakaa wiki nzima, hukumu ingeweza kuwa nyingine.

Kwenye ufundi wa marekebisho yenyewe ningependa kukaa kidogo, maana ripoti za afya hupita hapo mbio. Kutoboa tundu na kuchomeka mfereji kunaonekana kazi ya dakika mbili. Udongo mbichi husinyaa ukikauka na husinyaa tena ukichomwa, pengine kufikia sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, ilhali mfereji hausinyai. Mfinyanzi lazima akate tundu kubwa kuliko anavyolihitaji, tena kwa makadirio ya udongo wake mwenyewe, kwa kuwa kila machimbo yana tabia yake. Pia chembe za mchanga wa kwatzi (quartz) ndani ya udongo hubadili umbo ghafla kwenye nyuzi 573, na tundu ni mahali dhaifu ambapo ufa hupenda kuanzia. Moto ukipandishwa au ukishushwa kwa pupa, mtungi unapasuka papo hapo au, vibaya zaidi, unabaki na ufa usioonekana unaovuja ukishafika sokoni. Wanawake wafinyanzi wa Oriang', kule Rachuonyo, ni miongoni mwa waliojulikana kwa mitungi hii. Walichokuwa nacho ni maarifa kamili ya malighafi, na wanastahili kutajwa kwenye meza moja na waliohesabu vidonge vya bakteria.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko maabara. Ripoti ya Makutsa na wenzake, katika toleo lile lile la 2001, ilionyesha kwamba katika jamii 12 za mradi karibu theluthi moja ya nyumba zilikuwa zikitumia klorini, na mitungi mipya ilikuwa imeingia katika nyumba chini ya moja kwa tano. Nauona mwanzo mzuri kwa klorini na onyo kwa mitungi. Chupa ya dawa inabebeka mfukoni. Mtungi ni mzito, unavunjika njiani kwenye barabara za Suba na Nyatike, na mfereji unaongeza bei. Waliokuwa na mtungi mzuri wa zamani hawakuona sababu ya kununua mwingine. Wapangaji wangeweza kuliona hilo mapema kama wangeuliza bei ya usafiri kwa uangalifu ule ule waliopimia klorini.

Hata hivyo waliotia dawa walifaidika. Uchunguzi wa Garrett na wenzake uliochapishwa 2008, uliofuatilia watoto wadogo wa vijiji vya Nyanza kwa ziara za kila wiki, ulikuta kwamba nyumba iliyotia klorini kwenye maji yake ilipunguza hatari ya kuhara kwa zaidi ya nusu. Choo na maji ya mvua navyo vilisaidia, kila kimoja kwa kiasi kidogo kuliko klorini.

Mipaka ipo. Maji ya silanga, yaani bwawa la kukusanyia maji, wakati wa mvua ni mekundu kama chai ya maziwa, na kwenye tope la namna hiyo bakteria hujibanza nyuma ya chembe za udongo. Kwa ajili hiyo Crump na wenzake walijaribu magharibi mwa Kenya unga unaogandisha tope na kuua vijidudu kwa pamoja. Jaribio lao la maboma 605, lililochapishwa katika BMJ mwaka 2005, lilionyesha kuhara kwa watoto wa chini ya miaka miwili kukipungua kwa asilimia 25 kwa unga huo na asilimia 17 kwa klorini pekee. Unga ulitangulia kwa watoto, lakini unadai kukoroga, kusubiri na kuchuja kwa kitambaa, na kila pakiti ina bei yake. Naye Cryptosporidium, kimelea anayeharisha watoto vibaya, ana ganda linaloshinda klorini ya kiwango hiki hata kama maji ni maangavu.

Mwaka 2025 Migori ilitajwa tena kati ya kaunti zenye mlipuko wa kipindupindu. WaterGuard, mmumunyo wa klorini wa chupa, imekuwa madukani tangu 2003, mtungi wenye mfereji unajulikana, na kemia yake haijabadilika. Kinachokosekana ni kipimo cha waridi mikononi mwa wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wengi wanatakiwa tu kuandika kama nyumba "inatibu maji", na jibu la mdomo huwa ndiyo. Tone la kemikali kwenye kikombe kilichojazwa kutoka mtungi wa siku hiyo lingewaambia kama salio lipo, kama maji ya eneo hilo yanahitaji kipimo maradufu, na kama chupa iliyokaa dirishani juani imepoteza nguvu. Kifaa hicho ni kidogo, na serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinaweza kukiingiza katika mkoba wa kila mhamasishaji kabla ya mvua ndefu zijazo.