Ndoano za Newquay

Minyoo wenye nywele ngumu wanaozuka kwenye tangi la maji chumvi hutambuliwa kwa kichwa. Nywele hufuata, rangi huja mwisho. Mwaka 2009, kwenye tangi la maonyesho la Blue Reef Aquarium, Newquay, Uingereza, utaratibu huo uligeuzwa: mtego ukatangulia utambuzi. Uamuzi huo ulikuwa mbaya tangu chambo kilipofungwa.

Ushahidi ulikuwepo tayari. Matumbawe yalikuwa yanaliwa, mengine yamekatwa vipande viwili, na samaki mmoja aina ya kangaja alikutwa na jeraha. Mnyoo wa kukata tumbawe lazima awe na taya. Minyoo wa jamii ya Amphinomidae, ambao ndio wengi huwafikiria wakiona nywele, hawana taya: Hermodice carunculata hulifunika tawi kwa mdomo na kulifyonza nyama, likabaki mfupa mweupe uliosimama palepale. Tumbawe lililokatwa lilimtaja mnyoo wa jamii ya Eunicidae, anayeishi shimoni, anayetoa kichwa usiku na kurudi ndani ya jiwe akiguswa tu. Hata hivyo chambo kilijazwa ndoano. Asubuhi mitego ilikutwa imechanwachanwa, na wahudumu wakaamini kwamba mnyoo amezimeza ndoano.

Ndoano zisingefaa hata kama mgeni angekuwa wa jamii nyingine. Eurythoe complanata, mnyoo wa rangi ya waridi anayekula mabaki na mizoga, huzaliana kwa kukatika: kipande hukua kikawa mnyoo kamili. Kumrarua ni kumzidisha. Papara hii ya kuua kwanza ni ugonjwa wa zamani wa wafugaji wa matangi. Ndiyo inayowafanya watose mawe hai yote kwenye maji yasiyo na chumvi, wakiangamiza viumbe wadogo waliomo, ili kumwondoa mnyoo aliyekuwa akiwasafishia tangi bure.

Hatua iliyofuata huko Newquay, ya kubomoa mwamba wa tangi jiwe kwa jiwe, ilikuwa sahihi, na mnyoo wa zaidi ya mita 1 akapatikana, akapewa tangi lake.

Magazeti nayo yaliongeza kosa juu ya kosa kwa kuandika kwamba nywele zake huacha ganzi ya kudumu. Nywele za kuogopwa ni za Amphinomidae: ni za chokaa, hukatika zikiingia ngozini, na hutolewa kwa kubandika utepe wa gundi na kuubandua. Eunicidae huumiza kwa taya.

Mwanazuolojia Peter Simon Pallas hakuwa na kamera wala tochi ya usiku. Mwaka 1766, akiwa na umri usiozidi miaka 25, alieleza Hermodice na Eurythoe kama spishi mbili. Mwaka 1788 akamweleza Eunice aphroditois, wa jamii ya Eunicidae. Zaidi ya karne mbili baadaye, wanaomiliki lenzi bora kuliko yake bado huwaita wote watatu jina moja.

Ukaguzi hufanyika kwenye sahani yenye maji ya tangi lenyewe, mnyoo akiwa ameinuliwa kwa koleo. Kichwa chenye papasio tano na macho mawili, juu ya mwili unaong'aa rangi za upinde wa mvua na nywele fupi, ni cha Eunicidae. Kijinyama kilichoinuka kisogoni, pamoja na vishada vya nywele nyeupe pande zote mbili za kila pingili, ni alama ya Amphinomidae. Kijinyama hicho kikiwa kikubwa na chenye mikunjo mingi, na matamvua mekundu yakisimama kando ya vishada, huyo ni Hermodice, naye aondolewe. Kwa kuwa makao yake ni Atlantiki na Mediterania, mawe yaliyotoka Bahari ya Hindi au Pasifiki si rahisi kumleta. Kikiwa chembamba, mwili ukiwa wa waridi, kuna uwezekano mkubwa ni Eurythoe, na aachwe. Wakizidi idadi, chakula kinachomwagwa tangini ndicho kipunguzwe.

Cirratulidae, wanaoonekana kama nyuzi nyekundu zinazocheza juu ya mchanga, hawana madhara.