Ziwa, Chungu na Lawama: Kitabu cha Ainsworth juu ya Watoto wa Uganda

Kitabu cha Mary Ainsworth, Infancy in Uganda, kilichotolewa mwaka 1967, husifiwa kuwa ni mojawapo ya machimbuko ya elimu ya mwambatano, yaani kile kifungo cha moyo kimshikizacho mtoto mchanga kwa mlezi wake. Hapana shaka chastahili sifa hiyo. Lakini watu wanaoishika elimu hiyo ili kueleza kwa nini msichana mzima hujinyima chakula mpaka akadhoofu, mara nyingi husahau mambo ambayo kitabu chenyewe kiliyaona.

Mwaka 1954 na 1955 Ainsworth alizitembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala, akawaangalia watoto 28 wa mama 26. Kwanza alikusudia kuchungua kuachishwa ziwa, na desturi ya kumpeleka mtoto kwa jamaa wakati huo. Alipoona desturi imepungua, aligeukia kifungo chenyewe. Watoto 16 aliwahesabu kuwa wametulia, 7 hawana utulivu, na 5 hawajaonyesha mwambatano. Utulivu huo ulifuatana na wepesi wa mama kumwelewa mtoto, na furaha yake katika kunyonyesha.

Katika miaka hiyo hiyo Marcelle Geber na R. F. A. Dean walikuwa Kampala wakitafiti kwashakoo. Hawakukana kwamba ugonjwa huo hutokana na chakula hafifu. Waliongeza kwamba kutengwa ghafula na mama kwaweza kuwa na sehemu yake. Jina lenyewe, lililoingizwa katika utabibu na Cicely Williams mwaka 1935, latoka kwa Waga wa Ghana, nalo lamhusu mtoto aliyepokonywa nafasi yake kwa kuja mdogo wake. Kiswahili nacho husema mtoto amebemendwa, wazee wake wakidhaniwa wamevunja mwiko wa ulezi. Maneno yote mawili hutafuta chanzo katika jamaa kabla ya kukitafuta chunguni.

Hapo pana hekima, na pana hatari. Neno kubemenda limewatia mama wengi aibu pasipo haki. Elimu ya mwambatano, ikitumiwa ovyo, itarudia hukumu ile ile kwa ulimi wa kitaalamu. Kwa habari ya anoreksia, tafiti nyingi zimewauliza watu ambao wamekwisha kuugua. Mwambatano usio imara huonekana zaidi miongoni mwao, lakini mambo mawili kufuatana si dalili kwamba moja limezaa jingine. Ugonjwa wenyewe hubadili kumbukumbu za utoto, na urithi wa damu nao una sehemu yake. Wala kunyimwa chakula si sawa na kukikataa.

Tena Ainsworth aliona kuwa mtoto wa Kiganda aliweza kuambatana na watu zaidi ya mama. Jambo hili lina uzito Makere, wilayani Kasulu. Karibu na hapo ipo Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, ikapokea Warundi wengi tangu mwaka 2015. Mtoto aliyepoteza wazazi njiani, akalishwa na bibi au dada yake, hapaswi kuhesabiwa kuwa amekwisha kuharibika. Akikataa uji, apimwe mwili kwanza. Kisha iulizwe ni nani anayemlisha kila siku, na kama mlezi huyo mwenyewe amepata kula. Msomaji atakayekifunga kitabu cha Ainsworth na kumlaumu mama peke yake, atakuwa hakukisoma.